Mfereji Tulioupiga Sakafu

Mtu akiniuliza ni nani aliyenitendea wema mkubwa kuliko wote, hutarajia nitamtaja mama aliyenizaa, au mume, na mie nimewahi kuwa na waume wawili. Simtaji hata mmoja wao. Namtaja mwanamke mmoja wa mkiani mwa mfereji, ambaye kwa muda mrefu sikumpenda, wala yeye hakuwa na sababu ya kunipenda. Habari hii nimewasimulia wajukuu vipande vipande, kila mmoja kashika chake, sasa wanagombana nani anayo ya kweli. Basi leo naisema yote, na atakayenikatiza aende zake.

Ilikuwa enzi za Mdachi, kabla ya vita vyake na Mwingereza, wakati serikali ya Mafia ilikuwa ikikaa kisiwa kidogo cha Chole. Sisi tulikaa kisiwa kikubwa, ndani kidogo kutoka pwani, penye minazi na mabonde ya mpunga. Nilikuwa nimeshaachika mara moja. Mume wa kwanza alisema mdomo wangu mrefu, nami nikamwambia masikio yake ndiyo mafupi, akanipa talaka yangu nikarudi kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu sijaota meno. Nilimwita Mama, na mpaka leo nikisema Mama ni yeye ninayemkusudia.

Mama alikuwa na mguu wa matende, wa kushoto, mzito hasa. Lakini hakuwa mtu wa kujilaza. Asubuhi alikwenda kisimani mwenyewe akichechemea, akachota maji ya udhu, ya kuoga, ya kuoshea vyombo, akarudi tena akachota ya kumwagia mlangoni vumbi litulie. Usafi wake ulikuwa maradhi ya pili. Ukimletea maji uliyoyachota wewe aliyatazama kwanza, akayanusa, ndipo akakushukuru. Kisima chenyewe alikichimba marehemu mumewe, hatua thelathini hivi kutoka mlangoni, na nyumba zetu zote saba zilichota hapo. Chini ya kisima palikuwa na bonde dogo la majimbi, mali yake, ambalo alilipalilia akiwa amekaa kitako, anajisogeza. Mguu ulimruhusu kufika kisimani, kufika kwenye majimbi, na kurudi nyumbani. Zaidi ya hapo hakwenda, na sikupata kumsikia akilalamika.

Juu kidogo ya nyumba zetu ulipita mfereji. Ulikuwa wa bwana mmoja mwenye mashamba. Babu yake alitoka Omani, mama yake wa hapa hapa kisiwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa isipokuwa akikasirika. Mfereji ulitoka ziwani, ukafuata mgongo wa ardhi, ukapiga tao kubwa mbele ya nyumba zetu, kisha ukateremka mbali huko kwenye majaruba ya mpunga. Sisi tuliitwa watu wa taoni. Wale wa kule mwisho waliitwa watu wa mkiani. Wengi wao walikuwa wamezaliwa watumwa katika shamba lile, na walipopata uhuru walipewa vipande vya mwisho, mahali ambapo maji yalifika yamechoka au hayakufika kabisa. Ardhi yetu ni mchanga mtupu, na mfereji ule ulikuwa wa udongo. Ukifunguliwa alfajiri, mkiani walipata matope adhuhuri.

Kwa hiyo walituchukia. Walisema sisi wa taoni tunautoboa mfereji kwa siri tunawaibia maji. Wallahi hatukutoboa hata kwa kijiti, na maneno yale yalinichoma. Mwanamke ninayemsema alikuwa na jaruba la mwisho kabisa, la mwisho wa wa mwisho, yeye na mumewe. Alikuwa mkubwa wa mikono, mchache wa maneno. Kila siku alikuja na mtungi wake kuchota maji ya kunywa katika kisima cha Mama, kwa sababu mkiani wakichimba hupata chumvi. Nami nilimwuliza kama leo amekuja kuchota au kutukagua matumbo. Hakunijibu hata mara moja. Mama alinifokea, akamsogezea kamba, akamwuliza watoto hawajambo. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi.

Siku moja bwana alituita sote barazani kwake, wa taoni na wa mkiani. Akasema babu yake alimhadithia kwamba kwao Omani mifereji haiachwi ya udongo. Hutiwa mawe na chokaa, na maji hufika mwisho kama yalivyotoka mwanzo. Yeye ameazimia kufanya vivyo hivyo. Alisema maji yanayopotea mchangani ni sadaka isiyokuwa na mpokeaji. Tukakubali wote. Watu wa mkiani walikubali mpaka wakalia. Na Mama, nilipomfikishia habari, alifurahi kuliko mtu yeyote, akasema aliona haya miaka yote akipita mwanamke yule na mtungi, na kwamba siku ya kazi atapika yeye.

Msidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Chokaa inakula watu. Kwanza matumbawe, yalivunjwa ufukweni maji yakipwa, tukayabeba vichwani. Kisha kuni za tanuu, na tanuu la chokaa halishibi: minazi mizee ya bwana iliangushwa, magogo ya mikoko yakaletwa, yakapangwa duara, mawe juu yake. Mtu mmoja alitoa rai yachukuliwe mawe yaliyokwisha kuchongwa kule Ras Kisimani, kwenye mji uliokufa, akaambiwa afunge mdomo, kule kuna makaburi ya watu. Kiangazi kizima hatukuwa na kuni za jikoni. Tulipikia makumbi ya nazi na vifuu, macho mekundu kwa moshi. Chokaa ilipozimwa kwa maji ilimrukia mwanamume mmoja mguuni, akabaki na kovu maisha yake yote. Viganja vyangu mwenyewe vilichubuka, na baridi ikija bado vinaniuma.

Basi ikaja kazi ya kupiga. Kwetu sakafu ya dari, lile paa bapa la chokaa la nyumba za mawe, hupigwa na wanawake, kwa vipande vya mti, na kwa nyimbo. Unamwaga kokoto na chokaa, mnakaa mistari miwili mnatazamana, mnapiga kwa pigo moja, siku tatu bila kuacha ikauke, mpaka sakafu inatoa maji juu na kung'ara. Dari ikivuja baadaye, aibu si ya fundi. Aibu ni ya wapigaji, na hasa ya mwimbishaji. Hakuna aliyetwambia mfereji unapigwaje, hata fundi wa chokaa hakujua, kwa hiyo tuliupiga kama tunavyojua kupiga dari ya tajiri. Mwimbishaji nilikuwa mie.

Niliimba, jamani. Niliimba habari za mke ambaye mume wake ni dari bovu, mvua ikinyesha yeye halali. Niliimba nyingine ambazo siwezi kuzisema mbele ya wajukuu. Wanaume waliokuwa wakileta kokoto walijifanya hawasikii, wakarudi na kokoto kabla hatujaziomba. Hata yule wa mkiani alikuwa kwenye mstari, na pigo lake lilikuwa zito kuliko letu sote. Mama aliketi kivulini na masufuria yake akicheka.

Sasa naungama. Siku ya tatu, hapo taoni penyewe, chokaa ilipungua. Palibaki mahali padogo ubavuni mwa mfereji, kiasi cha dhiraa moja, pako wazi. Fundi alikuwa ameshatangulia mbele. Kama ningesema, tungengoja tanuu jingine, na bwana alikuwa ameshachinja ng'ombe. Nikapajaza udongo, nikapaka chokaa nyembamba juu, nikapagonga mara mbili tatu pasikike kazi. Aliyejua ni mie na Mungu wangu, na wote wawili tulinyamaza.

Maji yalipofunguliwa, yalifika mkiani kabla umande haujakauka. Tulisikia vigelegele vyao kutoka mbali. Nilifurahi, sikatai, nikajisifu kwa kila aliyepita kwamba katika mfereji wangu haitoki hata tone. Masika ikaja, kila kitu kikajaa, hakuna aliyewaza lolote. Mwaka ule watu wa mkiani walivuna mpunga wa kutosha kwa mara ya kwanza. Yule mwanamke alikuja kisimani akamwambia Mama kwamba watoto wake wamekula wali wa shamba lao wenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Wiki hiyo hiyo kata tuliyoteremsha kisimani ilileta tope.

Tulidhani ni kiangazi tu. Lakini kisima cha Mama hakikuwahi kukauka, hata miaka ile ya njaa. Kwanza tukachota asubuhi tu, kisha tukachota kwa kungojea yajikusanye, kisha tukawa tunakwangua. Majimbi yakalala chini. Wanaume wakaingia wakachimba zaidi, wakapata maji, tukashangilia, tukaonja, chumvi. Wakayafukia upesi wakiwa wamenuna.

Basi akaitwa mwalimu apige ramli. Akapiga, akatazama, akasema kisima kina mwenyewe, na mwenyewe ameudhika kwa nyimbo za matusi zilizoimbwa karibu na mlango wake. Nani aliyeimba? Macho yote yakaja kwangu, hata ya wale waliokuwa wakiitikia kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nilitakiwa kuleta kuku mweupe, ubani, na mkate wa sukari, nikapige magoti nikiombe kisima radhi. Niliomba. Niliomba kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole, lakini niliomba. Kesho yake kisima kilikuwa kikavu kuliko jana.

Kisima kingine cha maji matamu kilikuwa msikitini, mbali, mwendo wa kuivisha chungu cha muhogo. Nilimchotea Mama huko asubuhi na jioni. Maji ya mfereji hakuyataka, maana yalipita kwa ng'ombe na kwa watoto waogao. Akaanza kuyapima. Akaacha kuoga jioni. Nilimkuta siku moja akitia udhu kwa kikombe kimoja cha kahawa, anayapitisha maji kidole kwa kidole, ananificha.

Mwanawe wa kuzaa alikuwa akiuza mbata Chole. Habari zikamfika, akaleta ujumbe: kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama atakuja na watu wa kumbeba, amchukue akakae naye, kisiwa chake kina visima tele. Alisema kwa heshima, kama mwana anavyopasa. Mama akajibu sawa, mwanangu. Lakini mie nilimjua. Chole alikuwa hana mlango wake, hana majimbi yake, na kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Angekaa kwenye kitanda cha mkwewe akiogeshwa. Angekufa kwa haya kabla ya maradhi.

Katika hali hiyo ndipo nikapita bondeni asubuhi moja kuona kama kuna jimbi hata moja la kuchimba. Yote yamekauka, majani ya kahawia. Isipokuwa pembeni, mahali padogo, kama mkeka mmoja, majimbi yamesimama kijani, majani mapana, na udongo chini yake unyevu. Nikainua macho. Moja kwa moja juu yake, ubavuni mwa mfereji, palikuwa ni pale. Dhiraa yangu. Udongo wangu wa uongo.

Nilikaa chini. Si mtu wa kuelewa mambo upesi, lakini hilo nililielewa lote mara moja. Kisima hakikuwa na mwenyewe aliyeudhika. Kisima kilikuwa kikinywa kutoka mfereji miaka yote, kupitia mchangani, tao lote likivuja polepole kuja kwetu, nasi tumeliziba kwa mikono yetu, kwa pigo moja, tukiimba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikajifunga leso vizuri nikaenda kwa bwana. Nilimkuta barazani na buli lake la kahawa, nikamwamkia, akaitika, nikamweleza yote. Ilinipasa kumweleza na ule udongo, maana bila udongo sina ushahidi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mlangoni kwake. Nikamwomba avunje sehemu ya tao, kisima kirudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ni heshima ambayo sijaisahau.

"Kwa hiyo mfereji wangu unavuja," akasema, "na wewe umejua tangu siku ile."

Nikasema ndiyo, bwana, na panapovuja ndipo penye uhai.

Akatikisa kichwa. "Basi watu wa mkiani walisema kweli miaka yote. Mlikuwa mkinywa maji yao."

Mie, mwenye mdomo ulionitoa kwa mume, nikainama nikaifunga leso yangu upya. Maana ilikuwa kweli. Hatukutoboa, lakini tulikunywa. Majimbi ya Mama na udhu wa Mama vilitoka katika mpunga wa watoto wa watu wengine. Bwana akasema hatachagua kati ya kisima cha nyumba saba na mpunga wa nyumba ishirini, kwani mpunga ndio alioujengea mfereji, na kwamba kesho kutwa fundi atakuja kuziba pale nilipodanganya. Nikarudi nyumbani nimelifanya jambo baya kuwa baya zaidi.

Mama aliposikia hakukasirika. Alisema bwana ana haki, na watu wa mkiani wana haki, na yeye amekunywa vya kutosha. Akaniambia nimtolee sanduku lake la nguo. Jioni ile akagawa mitungi yake miwili kwa majirani, akawa anaifuta kwanza kila mmoja kwa upindo wa kanga. Nikatoka nje nikaenda kulia nyuma ya banda la kuku. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na watu wa mkiani, ambao habari zilikuwa zimeshawafika, na walikuwa wakisema kwa furaha kwamba wezi wamejulikana.

Kesho yake asubuhi nikamwona yule mwanamke anakuja. Hakuwa na mtungi. Begani alikuwa na mtaimbo wa chuma. Nikasema leo leo, amekuja kusimamia uzibaji, hakungoja hata fundi. Nikamwendea nimejishika kiuno, maneno yangu yote tayari.

Hakunipa nafasi. Akaniuliza kisima kinaelekeana na sehemu ipi ya tao. Nilimwonyesha kabla sijajua kwa nini namwonyesha. Akakunja nguo, akaingia mfereji, maji magotini, akainua mtaimbo akapiga. Sakafu ile tulivyoipiga! Pigo la kwanza halikuacha hata alama. La pili likaruka. La tatu likapasua.

Nikamshika mkono. Nikamwambia ana wazimu, jaruba lake ni la mwisho, maji yakipungua yatapungua kwake kwanza. Akanitazama.

"Wali wa shamba langu nimeula mwaka mmoja," akasema. "Maji ya mama huyu nimeyanywa tangu nimeolewa, na hajapata kuniuliza nimekuja kwa haki gani. Shika huko, uvute jiwe."

Nikashika. Nilivuta mawe niliyoyapiga mwenyewe, viganja vikatoka damu mahali pale pale. Tulivunja chini na ubavuni, kiasi cha pima tatu, mpaka mchanga ukaonekana na maji yakaanza kuzama, unayaona kwa macho yanavyopotea.

Bwana akaja, kwani sauti ya chuma inasikika mbali. Akasimama ukingoni na bakora yake. Akauliza nani aliyefanya. Nikasema mie. Akaniambia mie nina mdomo, lakini mikono ya kazi ile sina, akamgeukia mwenzangu. Akamwuliza kama anajua anachokitupa. Mwenzangu akasema anajua. Akamwuliza kama watu wa mkiani wameridhia. Akasema hakuwauliza, kwa sababu majaruba ya hao wengine yako mbele ya lake, maji huyapata kabla yake. Kitakachopungua kitapungua kwake, hana haja ya kuomba ruhusa ya kupungukiwa.

Bwana aliinama akayatazama maji yanavyozama. Nilidhani atatufukuza ardhini kwake, na alikuwa na uwezo huo. Kisha akapima kwa bakora, hatua kwa hatua, akasema fundi atakuja kesho kama alivyoagizwa, atie mawe kando kando ya pale tulipovunja pasizidi kubomoka. Chini paachwe mchanga. Pima tatu, na atakayeongeza hata shibiri atamjua yeye ni nani. Akaondoka bila kutuaga. Mungu amrehemu, alikuwa mkali, lakini siku ile alikubali kazi yake kubwa itobolewe na wanawake wawili.

Kisima kilichukua siku kumi na moja. Mama alikwenda kila asubuhi akateremsha kamba, akaipandisha, akaishika ncha. Siku ya kumi na moja ncha ilikuwa imelowa. Mwanawe alipokuja na watu wanne na machela, siku tatu kabla ya mwezi kuandama, alimkuta mama yake ameoga, amekaa mlangoni, udi unafuka. Akawapikia, akawashibisha, akamwambia mwanawe amemshukuru sana na arudi salama kwa mkewe. Mie niliwacheka wale wabebaji mpaka wakanikasirikia, maana walikuwa wameshazigawana pembe za machela nani abebe upande wa mguu.

Aliishi tena miaka tisa. Mdachi akaondoka, Mwingereza akaja, Mama yuko mlangoni kwake na mitungi mipya. Mfereji ulibaki vile: sakafu kutoka ziwani, pima tatu za mchanga hapo taoni, sakafu tena mpaka mkiani. Watu wengi walishiba kwa ajili yake na sisi tukanywa, na sijasikia tena neno la wizi. Mwanamke yule na mie tukawa ndugu. Nilimtania, na miaka mingine alinijibu. Kila mavuno alikuja na pishi ya mchele, akaiweka miguuni kwa Mama, akasema mpunga umekubali. Mama alikuwa akifurahi hata kabla ya kula. Alikuwa akisema Mungu ni mkubwa, maji yametosha huku na huku.

Mama alifia nyumbani, asubuhi, baada ya kusali. Maji ya kumwoshea tulichota sisi wawili, mie na yule mwanamke wa mkiani, kutoka kisima kile, na tuliyamwaga mengi, kama Mama alivyopenda.

Baada ya arobaini nikachukua masufuria ambayo mwanamke yule alituazima msibani nikayarudisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika mkiani kabisa. Mtu wa taoni hakuwa na jambo la kufuata huko, na nilikuwa nimeshaolewa tena na watoto mgongoni. Nikapita majaruba ya wenzake, mpunga umesimama, nikafika la kwake. Lilikuwa matuta. Muhogo mtupu, na si wa mwaka mmoja. Mashina mengine yalikuwa manene kuliko mkono wangu.

Nikamwuliza mpunga uko wapi. Akasema hapa haupo. Nikamwuliza ile pishi ya kila mwaka. Akasema alikuwa akiwavunia watu, wanamlipa mchele. Nikamwuliza tangu lini maji hayafiki. Akasema tangu tulipovunja.

Sikuamini. Miaka tisa! Nikamwuliza kwa nini hakusema, na sauti yangu ilipanda, nikataka kugombana naye kama zamani.

"Mama angejua," akasema, "maji yale yasingempita kooni."

Nikakaa pale pale juu ya tuta nikalia kuliko nilivyolia siku ya maziko. Nilimwambia ahsante, nikamwambia tena, na tena, neno lenyewe likawa dogo mno, nikaona haya kulirudia. Yeye akaingia jikoni akanitolea muhogo wa kuchemsha kwenye sahani, na chumvi pembeni, akaniambia nile ungali moto.